Oili ya Mkwe

Buzebazeba, Kigoma
11 Februari 1998

Mkwe wangu Ndayiragije,

Mwakeye huko, kama msalimianavyo kwenu. Gervasi, dereva wa lori la kambini, ameniambia umepata hema lisilovuja, nikamshukuru Mungu, maana mvua za mwaka huu hazina adabu hata kidogo. Tangu mlipokusanywa ninyi Warundi wa mjini na kupelekwa kambini, banda langu la ufundi la Kibirizi limepoa. Nilizoea kukusikia ukigongagonga chini ya injini, nami nikikugombeza kwa kupoteza spana. Sasa spana zote zipo na hakuna wa kugombezwa.

Ndege yetu tuliyoanza kuijenga pamoja imesimama juu ya maboya yake. Vitambaa vya mabawa vimekauka na rangi imeshika. Yule bruda wa misheni aliyetuachia mabomba na michoro kabla ya kurudi kwao angeiona leo angetoa leso. Ile injini ya Mazda uliyoitoa kwenye gari la mwenzenu aliyeishiwa petroli Mwandiga, nimeifunga, nimeiunganisha na pangaboi, nimeiwasha. Ilinguruma mpaka wauza dagaa wakaacha dagaa wao juani wakaja kutazama.

Limebaki neno moja, oili. Binti yangu Skolastika ameshika kitabu cha gari, ananisomea oili namba kumi-thelathini. Nimemwambia hiyo ni maji ya kunawa. Mimi nimetengeneza injini za boti za ziwa hili tangu hujazaliwa, na injini inayofanya kazi ngumu inataka oili nzito. Nataka kutia hamsini tupu, ile ya dizeli za boti. Nimeipima kwenye vidole, inavutika kama asali.

Sikuulizi kwa sababu sijui. Nakuuliza kwa sababu injini hii isiyo na pistoni wewe ndiye uliyeizoea kule Bujumbura, na sitaki kesho useme mzee alinipita. Nijibu upesi. Haraka yangu unaijua. Mama yake Skolastika, marehemu Agnesi, alikata roho ndani ya mtumbwi akitolewa Mwamgongo, taa za hospitali zikionekana. Ndege ya maboya ingemfikisha kabla uji haujapoa.

Mimi baba mkwe wako,
Eliakimu


Kambini, Kasulu
19 Februari 1998

Kwa Databukwe, Mzee Eliakimu,

Shikamoo. Barua yako niliipokea kwa mikono miwili. Nafurahi kusikia injini imenguruma, na nafurahi zaidi kwamba bado unanikumbuka kwenye mambo ya banda, ingawa sistahili.

Kuhusu oili, hamsini ni oili ya heshima, na mtu aliyekula chumvi nyingi kama wewe hawezi kuichagua bila sababu. Tajiri wangu wa Bujumbura, aliyekuwa na gari la mashindano lenye injini kama hii, yeye alipenda ishirini-hamsini. Lakini alikuwa mtu wa mambo mengi, na huenda ilikuwa mazoea yake tu. Labda, kama utaona vema na kama haitakusumbua, suala la baridi ya alfajiri linaweza kutazamwa kidogo. Pia injini hii ina tabia ya kuchoma oili kiasi pamoja na petroli, jambo ambalo bila shaka umekwisha kulifikiria.

Wewe ndiye uliye na injini mbele yako. Utakaloamua litakuwa jema.

Nisalimie nyumba nzima.

Mwanao kwa unyenyekevu,
Ndayiragije


Buzebazeba
26 Februari 1998

Mume wangu,

Kitanda ni kikubwa mno siku hizi, nalala upande mmoja kana kwamba utarudi kutoka bandani. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote ya barua hii ni oili, na sitaki udhani nimegeuka kuwa baba yangu.

Amesoma barua yako kwa sauti, mbele yangu na mbele ya shangazi Leonia, dada yake. Alipomaliza akaikunja na kusema, "Mnaona? Mkwe amekubali." Mimi nilisikiliza vizuri na sikusikia ulipokubali. Nakujua, Ndayi. Ukisema "labda, kama utaona vema," maana yake umekataa na unaogopa kusema. Shangazi naye alinitazama.

Jana ametia hamsini. Amewasha mchana, jua likiwa kali, na injini ilikwenda vizuri kabisa. Ndiyo kwanza amevimba kichwa.

Sasa niambie mimi, bila labda. Kuna ubaya gani? Na kwa nini kumi-thelathini ya kitabuni haifai pia, maana naona hata wewe hukuitaja? Niandikie kama unamwandikia rubani. Sindano ya presha isimame wapi, joto la oili lisipite wapi, na mtu aliye juu ya ziwa ataona dalili gani kabla mambo hayajaharibika? Usiulize rubani ni nani. Atapatikana, hilo lisikusumbue.

Mkeo,
Skolastika


Kambini, Kasulu
5 Machi 1998

Mke wangu mpendwa,

Nakujibu bila labda.

Injini zingine zina pistoni zinazopanda na kushuka. Hii yetu ina pembetatu ya chuma inayozunguka ndani ya chumba, na kwenye kila ncha ya pembetatu kuna kibanzi chembamba kinachokwaruza ukuta wa chumba ili moto usivuje. Kibanzi hicho kinaishi kwa oili. Kuna pampu ndogo inayokidondoshea matone, na matone hayo yanaungua pamoja na petroli. Kwa hiyo oili ya injini hii inafanya kazi tatu: inalainisha, inapoza, na inaliwa.

Hamsini ya dizeli inakosea kote. Asubuhi ikiwa na baridi inakuwa nzito kama ugali uliolala. Pampu kubwa inaisukuma, haipiti kwenye rejeta ya kupozea oili, presha inapanda, na mpira unaweza kupasuka. Pampu ndogo nayo inashindwa kuivuta, kibanzi kinakauka. Halafu oili za dizeli zina dawa nyingi za kusafisha masizi. Dawa hizo zikiungua zinaacha majivu, na majivu yanakaa kwenye plagi na kuganda pembeni ya vibanzi. Mchana, jua likiwa limeipasha, huoni lolote. Lakini ndege ya maboya hairuki mchana. Inaruka alfajiri, ziwa likiwa limelala, na hiyo ndiyo saa ambayo hamsini ni mbaya kuliko zote.

Kumi-thelathini ni ya gari la kwendea sokoni. Rubani anakanyaga mafuta mwanzo mpaka mwisho, na injini hii inamwaga joto lake jingi kwenye oili. Ikichemka, nyepesi inakuwa maji, na giaboksi ya pangaboi inasagika. Ishirini-hamsini ya kawaida, ya petroli, ndiyo ya katikati: asubuhi inapita, ikipata moto inabaki na mwili. Sindano ya presha isimame katikati ya geji, na ya joto isiguse alama nyekundu. Ya presha ikiruka mpaka mwisho, zima. Ikishuka ghafla ukiwa juu, tafuta maji ya kutua, usitafute nyumbani.

Utauliza kwa nini sikumwambia hivi baba yako. Skola, yule ni databukwe, baba mkwe wangu. Kwetu mkwe hamwambii sebukwe, baba wa mkewe, kwamba amekosea. Hata nyumba ikiungua, mkwe anasema, "Mzee, naona kama kuna kamoshi." Yeye alinipokea nikiwa sina ukoo wa kunisimamia. Nitamwambiaje amekosea?

Nimepata njia nyingine. Martini, fundi wa gereji ya magari hapa kambini, amenipa dumu la ishirini-hamsini, jipya, lakiri haijafunguliwa, kwa sababu nilimfufulia gari lililokuwa limesuswa. Nalituma kwa Gervasi kama zawadi kwa baba. Ataona namba, ataelewa, na hakuna atakayeaibika.

Sasa nijibu na mimi. Rubani ni nani? Kibali cha kuruka kinamtaja mtu.

Mumeo,
Ndayiragije


Kambini, Kasulu
5 Machi 1998

Kwa Databukwe, Mzee Eliakimu,

Shikamoo. Pamoja na barua hii pokea dumu dogo la oili kutoka kwa mwanao. Si kitu cha kulingana na wema wako. Litumie utakavyopenda, ila ningefurahi sana likitumika.

Ndayiragije


Buzebazeba, Kigoma
14 Machi 1998

Mkwe wangu,

Umenishinda. Mtu aliye kambini, anayepanga foleni ya unga, anamtumia sebukwe zawadi! Nimemwambia kila jirani. Leonia alisema hajawahi kuona mkwe kama wewe, na unamjua Leonia, hasifii kitu bure.

Dumu nimeliweka juu ya kabati sebuleni, karibu na picha ya marehemu Agnesi, nikalifunika kitambaa alichokifuma mwenyewe. Kila anayeingia anauliza kuna nini pale, nami nasimulia upya. Na usiwe na wasiwasi, hakuna mkono utakaoligusa. Wewe Mrundi ni jirani yetu wa damu, mila zetu ni moja, unajua kwamba zawadi ya mkwe haifunguliwi mkwe mwenyewe akiwa mbali. Siku utakayotoka huko tutakaa, wazee watakuwepo, pombe itakuwepo, utalishika upande mmoja nami upande mwingine, ndipo litafunguliwa. Hata likae miaka.

Ndege iko tayari. Hamsini imo ndani, na nimeiwasha mchana mara kadhaa, inakata hewa vizuri. Afisa wa anga alikuja kutoka Dar es Salaam akiwa amevaa viatu vya kupendeza, akazunguka, akapapasa nyaya, akauliza maswali ya makaratasi. Ametoa kibali cha kuruka juu ya ziwa tu, si juu ya mapaa ya watu. Hakuuliza oili, nikaona amenielewa.

Tumepanga Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, alfajiri. Skolastika anasema yuko tayari. Kila jioni anakaa ndani ya ndege, amefumba macho, mikono ikicheza na usukani. Yule bruda alimfundisha vizuri. Nikimtazama najisikia fahari mpaka natamani Agnesi amwone mwanawe akipita juu ya maji yaleyale.

Utuombee.

Eliakimu


Kambini, Kasulu
17 Machi 1998

Mzee Eliakimu,

Leo sina salamu.

Toa hiyo oili. Umekosea. Ulikosea uliponiandikia mara ya kwanza, nami nilijua, nikajificha nyuma ya adabu. Umeijaribu mchana, jua likiwa limekusaidia kuipasha. Jumamosi utaiwasha alfajiri, na haitakuwa oili, itakuwa gundi. Mpira wa rejeta utapasuka, au vibanzi vitakauka, au plagi zitajaa majivu. Sijui kipi kitatangulia. Najua kwamba injini haitazimika hapo Kibirizi mbele yako. Itazimika baadaye, akiwa juu, katikati ya ziwa, na ndani yake yuko mke wangu.

Kile ulichokifunika kitambaa si zawadi. Ni oili. Kishushe kabatini, ukifungue, ukimimine kwenye injini. Kwanza mwaga hamsini yote injini ikiwa ya moto, acha itiririke mpaka tone la mwisho, tia yangu, iwashe, iache izunguke, imwage tena, utie iliyobaki. Safisha plagi. Usinisubiri mimi wala wazee wala pombe.

Kama huwezi kufanya hivyo, asiruke. Ukimrusha na hamsini akafa, nitatoka humu kambini bila kibali cha mtu, nitembee kwa miguu mpaka Buzebazeba, na sitakuja kukuamkia.

Ndayiragije


Buzebazeba
21 Machi 1998

Ndayi wangu,

Gervasi alipita hapa siku chache zilizopita akija kwenu, na tangu hapo hatujamwona tena. Wanasema daraja limekwenda na maji na malori yamekwama upande wenu wa mto. Nakutumia barua hii kwa kijana wa baiskeli wa Mwandiga anayevusha baiskeli yake begani.

Uliniuliza rubani ni nani, nami nikakwepa. Rubani ni mimi. Nilijua ungejua tu, kibali kina jina langu. Nilikaa kimya kwa sababu nilijua hutalala, na huko mliko usingizi ndio kitu pekee mlichobakiwa nacho. Usinikasirikie. Au nikasirikie, lakini ukiwa hapa.

Nimemweleza baba yote uliyoniandikia, vibanzi, majivu, ubaridi. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema mke hutetea mumewe, ni vizuri, lakini mume mwenyewe aliandika kwamba hamsini ni oili ya heshima. Akaniletea barua yako ya kwanza, akaniwekea kidole kwenye mstari.

Kuligusa dumu siwezi. Nimesimama mbele ya kabati mara nyingi. Mtoto anayefungua zawadi ya mumewe kwa baba yake kwa siri anawavua nguo wote wawili, na baba angegundua kesho yake, maana anachomoa kijiti na kunusa oili kila asubuhi. Na nikisema siruki, ataruka mwenyewe. Amekwisha kusema hivyo. Hajawahi kushika usukani wa ndege hata siku moja, Ndayi. Nimeona ni afadhali aliye ndani awe mtu anayejua kutua.

Kuna jambo jingine linanitisha. Tangu Jumapili baba hasemi. Alirudi bandani asubuhi uso umemshuka, akakaa uani, akakataa chakula. Nikimuuliza anasema, "Niache." Anazitoa barua zako, anazisoma, anazirudisha mfukoni. Je, umemwandikia kitu? Sijawahi kumwona hivi tangu msiba wa mama.

Naogopa. Nilitaka kukuandikia barua ya kishujaa nimeshindwa.

Mkeo,
Skolastika


Kambini, Kasulu
24 Machi 1998

Kwa Databukwe, Mzee wangu Eliakimu,

Shikamoo, na shikamoo tena. Napiga magoti.

Nimepata habari kwamba huli wala husemi, na unasoma barua zangu kwa uchungu. Mkosaji ni mimi. Ile barua ya tarehe kumi na saba iliandikwa na mtu aliyepandwa na wazimu wa kufungiwa mahali pamoja. Mimi ni nani hata nikuambie umekosea? Ulinipa mke nikiwa sina baba wala mjomba wa kunisindikiza. Ulinipa banda, ulinipa chakula, ulinipa jina la mkwe mbele ya watu wasiotaka hata kunisalimia. Nami nimekulipa kwa maneno ambayo hata mlevi wa sokoni angeyaonea haya.

Nakuomba uichane barua ile. Hesabu kwamba haikuandikwa. Mambo ya injini unayajua wewe. Kama umechagua hamsini, basi umepima. Lile dumu likae palepale ulipoliweka kwa heshima, mpaka Mungu atakaponitoa huku.

Ila usinifukuze katika nyumba yako, na usimchukie Skolastika kwa sababu yangu.

Mwanao asiyestahili,
Ndayiragije


Kambini, Kasulu
26 Machi 1998

Skola,

Sina wa kuibeba barua hii. Kijana wa baiskeli aliondoka juzi na ile niliyomwandikia baba, na nilipomwona anaingia barabarani nilitaka kumwita, nikaona aibu mbele ya watu, nikamwacha aende.

Nimeandika upuuzi. Nimemwambia hamsini ni sawa. Nilidhani ameisoma ile kali ya tarehe kumi na saba na hasira yake itamfanya ang'ang'anie oili yake ili kunikomoa, nikasema nimtulize, akitulia labda atakusikiliza wewe. Sasa nimekaa nafikiri: je, kama ile kali haijafika? Mpaka leo Gervasi hajarudi kambini, na Martini anasema lori lake lilionekana limezama matopeni hukuhuku upande wetu wa daraja. Barua ya kweli inaweza kuwa imelala ndani ya lori na barua ya uongo ikaipita kwa baiskeli.

Nimekwenda kwa viongozi wa kambi kuomba kibali cha kutoka. Wamesema nirudi wiki ijayo. Nimerudi tena mchana, wamesema hivyohivyo, kwa upole kabisa. Nikiwaambia mke wangu ataruka na ndege Jumamosi wananitazama kama mtu aliyepata malaria ya kichwa.

Sindano ikiruka, zima. Ikishuka, tua. Skola, kama barua hii haitakufikia, basi naisema huku mdomoni, wenzangu wa hema wamechoka kunisikia.

Ndayi


Buzebazeba, Kigoma
30 Machi 1998

Ndayiragije,

Najua unasubiri neno moja, kwa hiyo nalitanguliza. Mkeo yuko jikoni anachambua mchicha na amenifukuza mara mbili niache kumtazama.

Sasa keti.

Jumapili ya tarehe kumi na tano nilitangulia bandani alfajiri, peke yangu. Nilikuwa sijawahi kuiwasha saa hizo. Nilitaka tu kuisikia ikinguruma ziwa likiwa kimya. Ilipokamata, sindano ya presha iliruka mpaka mwisho wa geji ikaganda pale, na mpira wa rejeta ukavimba kama shingo ya chura. Nikazima. Nilikaa kwenye boya, miguu ndani ya maji, mpaka wavuvi wakarudi. Sikumwambia mtu. Ningeanzaje, nami nilikwisha kutangaza Kigoma nzima kwamba fundi ni mimi na mkwe amekubali? Nikasema labda ni geji. Nikarudi nyumbani nikazisoma barua zako upya nikitafuta mahali uliponikataza. Hapakuwa na mahali. Kila nilipogusa palikuwa laini.

Zikapita siku. Nikajiambia Jumamosi tutaipasha kwa makaa chini ya bakuli la oili. Nikajiambia mengi. Mkeo aliniangalia akidhani nina hasira, nami nikamwacha adhani hivyo, maana hasira ina heshima kuliko woga.

Ijumaa jioni yule kijana wa Mwandiga akaingia uani. Alimkuta Gervasi ndiyo kwanza ametolewa matopeni na daraja limetandikwa magogo, akapakia baiskeli yake kwenye lori wakaja pamoja. Akanipa bahasha mbili kwa mkono mmoja, moja ya Gervasi na moja yake.

Nikaisoma ile ya tarehe kumi na saba kwanza. Sijawahi kuambiwa maneno yale, si na baba yangu, si na mzungu wa bandarini enzi zile. Kisha nikafungua ya pili, ile ya kupiga magoti, nikasoma kwamba hamsini ni sawa na kwamba mimi nimepima. Nikaziweka zote mbili mezani, chini ya taa. Mwandiko ni mmoja, jina ni moja, na moja kati ya hizo ilikuwa inakwenda kumuua binti yangu kwa adabu kubwa sana.

Nikamwita Leonia na Skolastika. Nikashusha dumu. Leonia akasema, "Kaka, mkwe hayupo." Nikalichukua koti lako uliloliacha siku mlipokusanywa, nikalitandika juu ya kiti, nikasema, "Ameketi pale." Leonia akaenda kuleta kibuyu cha pombe. Nikalishika dumu upande mmoja na mkeo akalishika upande wako, nikavunja lakiri. Naambiwa na watu wa kanisani kwamba tumefanya mchezo. Waache waseme.

Usiku huohuo tuliipasha injini, tukaimwaga, tukatia yako, tukaizungusha, tukaimwaga tena. Skolastika alisafisha plagi. Zilikuwa zimeanza kuota unga wa kijivu kama ulivyosema. Alfajiri nikaiwasha mwenyewe, na sindano ikapanda taratibu ikasimama katikati.

Akaruka. Sitakueleza vizuri, kwa sababu sikuona vizuri. Maboya yalikokota maji, yakaachana nayo, akageuka kaskazini, akawa mdogo, akapotea nyuma ya mlima wa Gombe kuelekea Mwamgongo. Nilibaki na sauti, kisha hata sauti ikaisha. Watu wa Kibirizi walikuwa wanashangilia na mimi nilitamani wanyamaze wote ili nisikie kama bado inaunguruma. Ndayiragije, niliomba pale kwa majina yote ninayoyajua, na jina lako nililitaja katikati. Aliporudi na kuyagusa maji, Leonia ndiye aliyeingia ziwani na nguo zake kwenda kuivuta kamba.

Mkeo atakuandikia mwenyewe. Anasema ana maneno yake na hataki nimchukulie.

Mimi la kwangu ni hili. Ile barua ya tarehe kumi na saba nimeiweka juu ya kabati, pale pale dumu lilipokuwa. Hii ya kupiga magoti nakurudishia ndani ya bahasha hii. Sitaki ilale nyumbani kwangu hata usiku mmoja. Mkwe anaweza kuniandikia hivyo, na nimekuwa na mkwe wa namna hiyo kwa miaka, na karibu nimzike binti yangu. Ukiniandikia tena, niandikie kama ulivyoniandikia siku ile uliponikataa.

Baba yako,
Eliakimu